Ubeti wa Tatu

Ili mambo haya yaeleweke, sharti kwanza ijulikane yalivyokuwa yamepangwa kabla hayajatikisika. Usharika wetu uko kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, juu ya Kijenge, pale lami inapokoma na migomba inapoanza. Una kanisa la mawe, una makaburi nyuma ya kanisa, na una bendi ya matarumbeta ambayo ni ya zamani kuliko mzee yeyote aliye hai. Bendi hiyo hupuliza misibani, arusini na siku ya mavuno, lakini kazi inayoihalalisha ni moja. Alfajiri ya Pasaka wapulizaji husimama kati ya makaburi, nyuso zikielekea mashariki, wakawapulizia waliolala wimbo wa ufufuo. Wimbo huo una beti nne. Desturi tuliyoikuta ilitaka zote nne zipulizwe mfululizo, pasipo kuketi na pasipo kuruka hata mmoja, kwa sababu, kama walivyotufundisha waliotutangulia, marehemu hana kitabu mkononi. Akirukiwa ubeti, hatajua aungane nanyi wapi.

Jambo la pili la kujua ni utaratibu wa kutengwa. Muumini aliyeonekana katika dhambi ya wazi, na ulevi ndio uliokuwa mkubwa kwetu, aliitwa na baraza la wazee wa kanisa. Akishapatikana na kosa, jina lake lilisomwa Jumapili. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma, hakukaribia Chakula cha Bwana, wala hakushika kazi yoyote ya usharika. Aliyetaka kurudi kundini aliketi benchi la mbele kabisa, akasimama, akaulizwa mbele ya watu wote kama anatubu, naye akajibu ndiyo. Mlango wa kutolewa ulikuwa mmoja, na wa kurudia ulikuwa mmoja. Hakuna aliyewahi kuuliza mtu aliyetolewa kwa makosa arudi kwa njia gani, kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu wa namna hiyo anaweza kuwapo.

Jambo la tatu ni Mwalimu.

Hakuwa mwalimu wa shule. Jina hilo alipewa na bendi, na mji ukaliitikia. Riziki yake aliipata Kaloleni, si mbali na uwanja wa mpira, katika kibanda cha mabati ambamo aliziba rejeta za magari. Katikati ya kibanda palikuwa na pipa lililopasuliwa kwa urefu, limejaa maji. Rejeta iliyoshukiwa ilizibwa midomo yote isipokuwa mmoja, ikazamishwa, ikapulizwa upepo. Palipokuwa na tundu, mapovu yalipanda. Mwenye gari aliyekuja akiapa kwamba inavuja upande wa chini alionyeshwa mapovu yakitoka upande wa juu, na Mwalimu alimwambia, bila kuinua sauti, "Chuma hakisemi uongo kikiwa chini ya maji." Matarumbeta yetu nayo aliyazamisha vivyo hivyo. Aliyaziba kwa risasi ya kulehemu ile ile ya rejeta, kiasi kwamba tarumbeta letu kubwa la besi lilijaa makovu ya kijivu, na wageni kutoka sharika nyingine waliliita chui.

Mimi nilipuliza sauti ya pili, mkono wake wa kushoto, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kwa hiyo niliyoyaona mengi niliyaona upande huo: sikio, shavu lililojaa, na jicho la kushoto ambalo ndilo lililoanza.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya polepole mno. Mwanafunzi mpya hakupewa tarumbeta. Alipewa mdomo wake tu, kile kipande kidogo cha shaba kinachotiwa midomoni, akaenda nacho nyumbani akakivumishe kwa majuma mengi. Wake za watu walilalamika kwamba nyumba zimekuwa mizinga ya nyuki. Yeye alijibu, "Mdomo kwanza, shaba baadaye. Shaba ni bomba tu." Hakuwahi kumsifu mtu kwa zaidi ya neno moja, nalo lilikuwa "ehe", na tulijifunza kulipima kwa urefu wake.

Lakini kanuni aliyoishika kuliko zote ni hii: "Noti ikikushinda, inyamazie. Usiidanganye." Kila mpulizaji anajua jaribu lenyewe. Noti ya juu inakaribia, midomo imechoka, basi unapuliza noti jirani kwa sauti ndogo, ukitumaini kwamba wenzako watakufunika. Mwalimu alisimamisha bendi nzima papo hapo. "Nani ameidanganya?" Naye hakurudia swali; aliutazama mlima kupitia dirishani, akangoja, mpaka mwongo akajikohoza mwenyewe.

"Lakini Mwalimu," aliwahi kuteta mpulizaji wa besi, "nikinyamaza patabaki pengo."

"Pengo watu wanalijua ni pengo. Hiyo yako wanadhani ni wimbo."

Alikuwa na kinyume chake, kama watu wote wenye msimamo. Hakuonja pombe maishani, lakini katika sherehe za Wameru na Waarusha wa mtaani kwetu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwapelekea mbege wazee wasioweza kutembea, akiibeba kata kwa mikono miwili pasipo kumwaga tone. Alifagia kanisa bila kuombwa, na kama hakuna aliyeshukuru, alifagia tena mbele yao. Alidai hapendi sifa, lakini alikumbuka, kwa majina, wote ambao hawakumsifu. Mama, mkewe, ambaye hatukumwita kwa jina lingine, alisema kwamba mumewe ana unyenyekevu mwingi na kwamba anautunza asije mtu akauharibu.

Ugonjwa ulianzia machoni, nasi tuliucheka. Siku moja mazoezini alisogeza kitabu mbali, akakivuta karibu, akafumba jicho moja.

"Leo kitabu kimezaa," alisema. "Kila mstari una pacha."

"Mwalimu, unatukonyeza?" aliuliza yule wa besi.

"Nikukonyeze wewe, una nini?"

Bendi iliangua kicheko, naye alicheka pamoja nasi. Kisha ukope wa kushoto ukawa unateremka kila jioni, kama mlango wa duka la Mhindi unavyoshushwa nusu muuzaji akihesabu mapato. Baadaye ikawa sauti: alianza sentensi vizuri, akaimalizia puani, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Chai ilimrudia kwa njia ya pua. Mwisho ikawa midomo. Kufikia ubeti wa tatu wa wimbo wowote, pembe ya mdomo wake ililegea, pumzi ikapenya pembeni kwa mlio wa gurudumu lenye pancha. Alitumia kidole kuishikilia. Mtu aliyekuwa ameziba matundu ya nusu ya magari ya Arusha hakuweza kuliziba la mdomoni mwake.

Naomba msomaji azingatie jambo moja, maana ndilo lililotuponza. Asubuhi Mwalimu alikuwa mzima. Alifungua kibanda, aligonga chuma, alisalimia kwa sauti kavu. Mchana alififia. Jioni kope zilianguka, ulimi ukawa mzito, na kidevu kilihitaji mkono wa kukitegemeza. Akilala, asubuhi alirudi mzima. Huo ndio utaratibu wa ugonjwa wake, na kwa bahati mbaya ndio utaratibu wa mlevi.

Palikuwa na mazishi ya alasiri, marefu, yenye hotuba nyingi. Zamu ya bendi ilipofika, Mwalimu alisimama kuutaja wimbo. Maneno yalitoka yamevunjika. Aliegemea jiwe la kaburi la jirani, kidevu kikiwa kiganjani, jicho moja limefumba. Mzee wa kanisa aliyesimama karibu naye alikuwa rafiki yake wa miaka, Mwarusha mwenye bucha Kaloleni, mtu mkubwa wa mwili aliyechinja tangu ujana wake. Huyu nitamwita Mzee. Yeye ndiye aliyelipeleka jambo barazani.

Baraza lilikutana jioni. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila hakuna aliyelijua.

"Mwalimu, siku ile ulikunywa nini?" aliuliza Mchungaji.

"Chai."

"Chai hailegezi kope."

"Basi sijui kinachozilegeza. Lakini sijanywa."

"Mimi nilisimama naye bega kwa bega," alisema Mzee. "Nampenda huyu kama ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana nasema. Na kata ya mbege tumemwona nayo mara ngapi?"

Mwalimu alianza kujitetea. Alieleza habari za kata, habari za macho, habari za chai. Na kadiri alivyoeleza ndivyo ulimi ulivyochoka, na kadiri ulivyochoka ndivyo maneno yalivyoburuzika, mpaka utetezi wake ukawa ushahidi. Mwisho hakueleweka tena. Wazee waliangalia sakafu. Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa.

Alikabidhi bendi, akahamia benchi la nyuma. Mama, aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya, alikunja joho lake la kwaya, akaenda kuketi kando yake. Pasaka ya mwaka ule tulipuliza beti nne tukiwa na pengo, na watu walijua ni pengo.

Ni Mama aliyekataa kuamini. "Mlevi namjua, nimelelewa na mmoja," aliniambia. "Huyu halewi. Huyu anazima, kama simu. Anakula kande, akifika nusu ya bakuli anashika taya kwa mkono, anasukuma. Umemwona mlevi anayeshindwa kutafuna?" Tulimpeleka kwa daktari mjini, binti mmoja mpole mwenye miwani, ambaye alimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa.

"Mzee, tazama dari. Usishushe macho mpaka nikwambie."

Alitazama. Mbele yetu kope ziliteremka polepole, ya kushoto ikitangulia. Daktari aliagiza barafu katika duka la soda la jirani, akaitia ndani ya glavu, akaiweka juu ya jicho lililofumba, akangoja. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi, jeupe, likitushangaa kama sisi tulivyolishangaa.

"Haa!" Mama alipiga makofi. "Kumbe lina ufunguo!"

Ugonjwa ule unaitwa myasthenia gravis. Jina limeunganishwa kutoka Kigiriki na Kilatini, na maana yake ni udhaifu mzito wa misuli. Daktari alitueleza kwa lugha ya nyumbani. Mshipa wa fahamu unaupelekea msuli agizo, na msuli una vilango vya kulipokelea. Kwa mgonjwa huyu, walinzi wa mwili wake mwenyewe wameviziba vile vilango. Maagizo ya kwanza hupenya. Yanayofuata hupungua, mpaka msuli hausikii tena, ingawa una nguvu na ingawa umeitwa. Ukipumzika, husikia upya. Ubaridi nao husaidia kwa muda mfupi.

"Kwa nini walinzi wafanye hivyo?" aliuliza Mwalimu.

"Wamekosea, mzee. Wamemdhania mwenye nyumba kuwa mwizi."

"Kama baraza la wazee," alisema Mwalimu. Daktari hakuelewa. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu.

Vidonge vilimsaidia. Kila baada ya kumeza alikuwa na saa chache za uzima, nazo alizitumia kugonga chuma na kuvumisha kile kipande cha shaba. Lakini vidonge, daktari alisema, hufungua vilango kwa muda tu, na anayewapotosha walinzi yuko kwingine. Nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, mna tezi iitwayo thaimasi. Katika utoto ndiyo shule ya walinzi. Mtu akikua, shule hufungwa na tezi husinyaa. Picha zilionyesha kwamba ya Mwalimu haikusinyaa. Iliendelea kufundisha, tena vibaya. Madaktari wa upasuaji katika hospitali kubwa ya rufaa wangeweza kuitoa. Wangepasua mfupa wa kidari kwa msumeno. Nafuu, kama ingekuja, ingekuja kwa miezi au miaka, na si wote huipata.

Mwalimu alikataa. "Rejeta ikivuja huikati katikati," alisema. Siku nyingine aliniambia jambo lenyewe bila mafumbo: "Kifua ndicho tarumbeta langu. Lile la shaba ni bomba tu. Wakikipasua kisirudi kama kilivyokuwa, nitakuwa nimetolewa mara mbili." Wakati huohuo kumeza kulizidi kuwa kugumu, na daktari alituonya faraghani kwamba siku moja misuli ya kupumua nayo inaweza kuchoka.

Katika hali hiyo ndipo Mzee alipobisha hodi nyumbani kwao Kijenge, akiwa amebeba chupa kubwa ya supu ya mifupa. Nilikuwapo.

"Habari za hapa, shemeji."

"Nzuri," alijibu Mama, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Nimeleta supu. Nimesikia hatafuni."

"Ulisikia pia kwamba hanywi?"

Mzee aliinamisha kichwa. Mwili wote ule ulionekana mdogo.

"Mwache aketi," alisema Mwalimu kutoka ndani. "Supu haina kosa."

Waliketi. Kwa kuwa hawakujua waanzie wapi, walizungumzia ugonjwa. Mwalimu alimweleza habari za msumeno na tezi, akionyesha kwa kidole. Mzee aliweka kikombe chini.

"Hapa? Nyuma ya kidari, juu ya moyo? Nyama nyeupe, laini, ina mafundomafundo?"

"Ndivyo daktari alivyochora."

"Ero!" Ndivyo Waarusha wanavyoitana wanaume kwa wanaume. "Hiyo ni ya ndama! Ndama anayo kubwa, imepanda mpaka shingoni. Ng'ombe mzee ukimpasua huikuti, ni mafuta matupu. Nimechinja maisha yangu yote. Mkubwa hana kazi nayo."

"Kwa hiyo mimi ni ndama."

"Wewe ni ng'ombe mzee mwenye kitu cha ndama. Kitoke!"

Mwalimu alicheka. Kicheko chake cha siku zile kilitoka kama mkoromo, kwa sababu mashavu hayakuwa na nguvu ya kupanda. Mzee hakuwa amesema lolote ambalo daktari hakulisema. Lakini ya daktari Mwalimu aliyaamini tu. Haya aliyaona, yakining'inia kwenye ndoana ya bucha. Siku ile alikubali.

Mzee aliposimama kuaga, alisita. "Nami nina jambo langu, Mwalimu. Lile la siku ile."

"Lile la siku ile ulilisemea wapi?"

"Barazani. Likasomwa kanisani."

"Basi unajua liliko."

Ikabaki safari, na kabla ya safari, kanisa. Mchungaji alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, na alitaka yaishe.

"Mwalimu, kila mtu sasa anajua ni ugonjwa. Njoo Jumapili, keti benchi la mbele pamoja na wengine wanaorudi. Nitakuuliza, utasema ndiyo, tumalize."

"Ndiyo ya nini?"

"Ni utaratibu tu. Nani asiye na la kutubu?"

"Ninayo mengi, Mchungaji. Hilo halimo."

Mchungaji alifikiri. "Basi nikuletee Chakula cha Bwana hapahapa sebuleni, kimyakimya, usije ukaenda kupasuliwa bila hicho."

"Nilitolewa mchana, kanisa limejaa. Sitarudishwa kwa mlango wa jikoni."

"Baba," alisema Mama, "na ukifia mezani huko?"

"Nitakuwa nimeinyamazia noti iliyonishinda."

"Nami nitabaki na kiburi chako, nikipikie chai."

Nimelitazama jambo hilo kwa pande zake zote, na bado sijui kama ulikuwa unyofu au kiburi. Najua kwamba aliogopa. Basi la kwenda hospitali lilipopita Kikatiti, ambapo Meru huanza kubaki nyuma, aligeuka kitini akautazama mlima mpaka ukafichwa na miti, na mkono wa Mama aliubana kwa nguvu zake zote.

Upasuaji ulifanyika. Walipasua mfupa, wakaitoa tezi, wakaushona mfupa kwa waya za chuma. Kwa siku kadhaa mashine ilipumua badala yake. Tuliporuhusiwa kumwona, alikuwa akipumua mwenyewe, na kutoka ubavuni mwake mpira ulitelemka mpaka kwenye chupa sakafuni, ncha yake ikiwa imezama ndani ya maji, ili hewa iliyobaki kifuani itoke isirudi. Hakututazama. Aliitazama chupa. Kila alipokohoa, mapovu yalipanda.

"Bado inavuja," yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Mzee, acha kuangalia chupa, pumzika," alisema muuguzi.

"Binti, mimi hii ndiyo kazi yangu." Akakohoa tena, akayafuata mapovu kwa macho yote mawili. "Tundu ni dogo. Litajiziba."

Muuguzi alituambia kwamba hajapata kuwa na mgonjwa anayeufurahia mpira ule. Asubuhi moja alikohoa na maji yakatulia. Alikohoa tena kwa nguvu, uso ukikunjamana kwa maumivu, maji yakatulia. "Sasa mnaweza kunitoa majini," alisema. Daktari alipiga picha ya kifua, akakubaliana naye, akautoa. Kuhusu zile waya, Mwalimu alikuwa na neno moja. Alipitisha kidole juu ya kovu, tangu shingoni hadi chini ya kidari, akasema, "Ehe." Ilikuwa ehe ndefu.

Alirudi Arusha, akarudi benchi la nyuma. Miezi ilipita. Kope zilianza kuchelewa kuanguka. Zamani zilianguka saa kumi, sasa zilingoja jua lizame. Alitafuna kande. Daktari alimpunguzia vidonge kwa uangalifu, akapunguza tena. Lakini Jumapili baada ya Jumapili hakusogea kutoka pale nyuma, nasi tulianza kuzoea, jambo ambalo ni baya kuliko kosa lenyewe.

Kisha ikaja Jumapili ya wanaorudi kundini. Benchi la mbele lilikuwa na kijana mmoja na msichana mmoja, wameinama. Mchungaji alikuwa amekwisha fungua kitabu. Mzee, aliyekuwa ameketi katika kiti chake cha uzee kando ya madhabahu, alisimama. Alishuka ngazi, mwili ule mkubwa ukiyumba kidogo, akaenda akaketi benchi la mbele kando ya msichana, na benchi likalia. Huko nje alisikika mbuzi.

"Mzee," alinong'ona Mchungaji, "wewe hapana."

"Endelea, Mchungaji."

Mchungaji aliendelea. Aliwauliza kama wanatubu. Kijana alisema ndiyo, msichana alisema ndiyo. Mzee alisimama na kugeuka, akaipa mgongo madhabahu ili atuelekee sisi.

"Ndiyo," alisema. "Niliapa kwamba nimeuona ulevi. Niliuona ugonjwa. Sikuuliza. Nilimtoa mtu asiye na kosa, na nililisemea hapa, kwa hiyo nalirudisha hapa."

Nyuma kabisa palisikika mlio wa viatu. Mwalimu alitembea katikati ya kanisa zima, bila haraka, akafika mbele, akaketi kando ya Mzee. Hakusema ndiyo, wala Mchungaji hakumwuliza. Mchungaji aliyasoma maneno ya kuwarudisha, akaweka mikono juu ya vichwa vinne. Mama aliimba siku ile akiwa bado benchi la nyuma, na sauti ya kwanza ya kwaya ilitoka kule.

Mkutano wetu ninaoukumbuka zaidi ulikuwa majuma machache kabla ya Pasaka iliyofuata. Nilimpelekea tarumbeta langu Kaloleni. Lilikuwa likikoroma kwenye noti za chini. Alilizamisha ndani ya pipa, akaweka midomo yake mwenyewe, akapuliza. Nilitazama pembe ya mdomo wake kuliko nilivyotazama maji. Haikulegea. Povu moja lilipanda, dogo.

"Ndilo hilo," alisema. "Mdomo wako hauna kosa. Nilidhani ni mdomo."

Alipokuwa akiyeyusha risasi, nilimwuliza ugonjwa uko wapi.

"Upo. Haujahama. Umepunguza sauti tu." Alipuliza moto. "Nimejipima nyumbani. Nina beti mbili, kisha lazima nipumzike, kisha nina mmoja."

"Pasaka itakuwaje, basi?"

"Nitapuliza wa kwanza, wa pili na wa nne."

"Na wa tatu?"

"Nitaunyamazia."

"Wafu watapotea, Mwalimu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Aliliinua tarumbeta kwenye mwanga wa mlangoni, akakagua kovu jipya la kijivu, akanikabidhi.

"Watanisubiri," alisema. "Wao wana muda."

Alipuliza Pasaka ile, wa kwanza, wa pili na wa nne, na Pasaka zilizofuata hivyo hivyo, mpaka uzee ukamchukua kwa njia yake, usingizini. Amezikwa nyuma ya kanisa, upande wa mashariki. Siku hizi bendi haipulizi ubeti wa tatu. Tunashusha shaba zetu, watu wanauimba peke yao, kisha tunaingia kwenye wa nne.